Habari za Saa Sita kwa Kiebrania

Mzee Uri, Mwisraeli wa miaka themanini na sita, alikuwa anakonda. Binti yake akasema kwa simu: Ijumaa ya wiki ijayo akipimwa chini ya paundi mia na thelathini, anahamishiwa nyumba ya wazee. Mama yangu Vestine, anayemtunza kule Apple Valley, alilia kama anayehamishwa ni yeye. Na mambo ya kuhamishwa anayajua: Kivu, kambini, halafu Minnesota.

"Simpikii vibaya," aliniambia garini. Dereva wake ni mimi, Bonheur. Mshahara wangu ni baraka. "Lakini chakula kinarudi vilevile."

Siku hiyo baridi ilikuwa inagandisha kope. Nikakataa kungoja nje, nikaingia naye. Saa sita mchana mzee alikuwa sebuleni mbele ya televisheni, chaneli ya kwao, mwanamume mwenye tai akimwaga Kiebrania bila kupumua. Mama yuko jikoni, kainamisha kichwa, kafumba macho, sahani ya mayai mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Shii! Banaomba."

"Akina nani?"

"Si unasikia? Luga ya manabii. Kila siku saa sita. Mtu hapelekewi mayai katikati ya maombi, Bonheur. Nangoja amina."

"Na amina inakuja saa ngapi?"

"Karibu saa saba. Shida, hapo mzee keshalala."

Nikachungulia. Kwenye skrini kulikuwa na ramani, kijua juu ya Tel Aviv, wingu juu ya Haifa.

"Mama, nabii wako anasema kesho mvua. Hiyo ni météo! Taarifa ya habari!"

Alifumbua jicho moja, akaitazama ramani, akalifumba tena. Kisha akayafumbua yote mawili. "Wiki tatu," akasema polepole. "Wiki tatu nimemfungisha mzee wa watu."

Alimpelekea sahani mbio. Mzee akaanza kula kabla mama hajaishusha. Nikamuuliza kwa Kiingereza kwa nini hakusema.

"Nilidhani ndiyo sheria yake. Sikutaka kumuudhi."

Kwao sasa ni saa mbili usiku, akaeleza. Yeye alikuwa fundi wa televisheni ya Kiebrania tangu chaneli ikiwa moja tu, na nchi nzima ilitazama habari pamoja. Ungetembea mtaani usikose neno, kila dirisha sauti ileile. Siku hizi chaneli zimejaa, ila tumbo lake bado hudai chakula habari zikianza. Kisha akasema kwamba enzi hizo waliamriwa kufuta rangi kwenye picha, watu wasikimbilie televisheni za rangi za bei ghali.

"Yaani mzee, kazi yako ilikuwa kufuta rangi?"

"Kazini, ndiyo. Nyumbani nilikuwa na kidude cha kuirudisha."

Nilipomtafsiria mama, alicheka mpaka akavuta kiti akaketi. Kuanzia hapo hakukaa tena jikoni wakati wa habari.

Ijumaa ya kupima, nesi Keziah, Mkenya asiyetaniwa, alimvua mzee viatu na koti, akampandisha kwenye mizani. Mia na thelathini na mbili.

"Shuka. Panda tena."

Mia na thelathini na mbili. Kwenye simu binti akasema, "Basi abaki."

Mama alimshika mzee mkono ashuke. Akatua zuliani miguu yote miwili, na bado hakumwachia.