Mke Wangu na Madaktari wa Simuni

Jamani, mimi ni fundi saa, na fundi saa asiyeona ni mpapasa meza tu. Jicho langu la kulia lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, naona ukungu mtupu, na la kushoto lilikuwa limeanza kumfuata mwenzake. Daktari akasema la kulia lipasuliwe haraka, nikichelewa huenda lisirudi tena. Nikakubali, nikapangiwa siku. Hapo ndipo Mama Pacha alipoingia kazini.

Mama Pacha ni mke wangu, fundi cherehani. Tunagawana chumba cha mbele: mimi na kibano changu dirishani, yeye na vitambaa vyake mlangoni. Nampenda kufa, ila siku zile nilitamani kuitumbukiza simu yake kwenye ndoo ya maji. Alikuwa kwenye kundi la majirani, la ukoo, la mafundi, la wanawake aliosoma nao, na kila kundi lilikuwa na bingwa wake wa macho.

"Baba Pacha, sikia hii," ananiambia, miguu iko kwenye pedali. "Kuna mtu kapasuliwa, kaamka anaona kila kitu chekundu."

"Haya."

"Na huyu hapa anasema maji ya kitunguu yanatosha, kisu cha nini?"

"Anza na macho yako, nione."

Nilikuwa natania, lakini maneno yale yalikuwa yananiingia. Yeye usingizi ulishampaa, anasoma mpaka macho yanamvimba, na akimaliza kusoma ananisimulia. Nikawa naogopa mpaka chakula hakipiti. Ilipobaki siku moja nikasema basi, siendi.

"Utapofuka!" akapiga ukelele.

"Si wewe ndiye ulonisomea habari za yule mwekundu?"

Machozi yakamlengalenga. Na unadhani alifanya nini? Akaishika simu tena, amtafute mtu wa kunishawishi niende! Nilikasirika mpaka nikacheka.

Tukiwa katika hali hiyo, akaingia mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alifuata majoho ya kwaya. Akalivaa moja, mkono mmoja ukamkaa vizuri, wa pili ukamvuta bega kama anakamatwa na polisi.

"Fundi, hii nini?"

Mama Pacha akautazama mkono, akakimbilia furushi, akaanza kutoa mikono ya majoho mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa ya kushoto. Fundi hukunja kitambaa, uso kwa uso, akakata mara moja, anapata wa kulia na wa kushoto. Yeye alikuwa anasikiliza ujumbe wa sauti kuhusu macho, akapanga kitambaa chote uso ukitazama juu, akakata. Kitambaa chenyewe kinang'aa upande mmoja tu, hakigeuziki. Akakaa chini palepale, juu ya vipande, akalia kwa sauti.

"Nimechoka, mwalimu. Mume wangu anapofuka na mimi hata mkono wa nguo umenishinda."

Mimi nilitegemea kelele. Yule mama akajitazama kwenye kioo, bega limepanda mpaka sikioni, akaangua kicheko mpaka kiti kikatikisika. Halafu akajishusha chini kwa taabu, akakaa karibu na mke wangu.

"Kitambaa kipo kingine, utakata upya. Sasa tumwombee huyu mzee. Anza wewe."

Mama Pacha akafumba macho. "Ee Mungu, mumeo, samahani, mume wangu, ana presha, na wanasema presha ikipanda wakati wa kupasuliwa, na ile sindano ya ganzi, kuna dada mmoja anasema..."

"Hebu subiri," mwalimu akamkatiza. "Unamwomba Mungu au unamsomea taarifa ya habari? Mwambie unachotaka, kisha nyamaza."

Nilisikia saa zangu zote ukutani, kila moja na mwendo wake.

"Mungu," mke wangu akasema polepole, "nataka aone. Mimi siwezi kumponya. Nilidhani nikijua kila kitu nitamlinda, kumbe siwezi. Mshike wewe."

Hakuongeza neno. Nami, ambaye kanisani huwa naitikia amina kwa kukohoa tu, nikajikuta namwambia Mungu kimoyomoyo kwamba naogopa sana. Sikusikia sauti yoyote. Lakini kifua kililegea, nikapumua mpaka chini, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya daktari.

"Mama Pacha," nikasema, "kesho tunakwenda. Tutafuata ya daktari, hayo mengine yana wenyewe."

Akaizima simu, akaifungia kabatini pamoja na mashuka. Mwalimu akapiga makofi, akatoka kuwatangazia majirani.

Nikapasuliwa. Sitawadanganya, hofu haikuisha, lakini nilikwenda kwa miguu yangu. Nikalazwa, jicho limefunikwa kwa bandeji. Asubuhi muuguzi akaja kuifungua, vidole vyake baridi. Akabandua kidogo kidogo, akaniambia nifungue jicho taratibu.

Mwanga kwanza. Kisha dirisha, na kingo zake zimenyooka. Kisha kiti pembeni ya kitanda, na mke wangu juu yake, kichwa kimeegemea ukuta, kinywa wazi, anakoroma bila wasiwasi wowote. Niliona mvi ambazo sikuwahi kujua anazo. Niliona kovu dogo la sindano kidoleni. Paji la uso limetulia, halina hata mkunjo.

"Mama!" muuguzi akaanza kumwita. "Amka, mzee ana..."

Nikamshika mkono.

"Mwache," nikasema. "Bado namtazama."