Harusi Iliyohamia Kilimani

Mwanatumu alikuwa ameinama akionja chumvi ya pilau ndipo alipohisi pindo la leso yake limelowa. Mvua haikunyesha tangu alfajiri. Akaufuata unyevu kwa macho, kutoka mekoni hadi chini ya ukuta wa bwawa, na hapo akaona chemchemi changa ikichuruzika maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Bwawa lilikuwa lake. Yeye na marehemu mumewe walilijenga huku bara, ng'ambo ya kisiwa cha Koyama, waliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Kenya, wakaushindilia udongo kwa miguu ya punda na yao wenyewe. Ndilo lililowapa nyanya na ufuta. Masika haya yalikuwa yamelijaza pomoni. Siku hiyo anaolewa bintiye, Wafaa, na wageni wa Kismayo na visiwani walikuwa wametandaziwa mikeka shambani, chini kabisa ya ukuta.

Maji yangekuwa maangavu, asingehangaika. Ukuta wa udongo hutoa jasho. Maji ya matope maana yake ukuta unaliwa kwa ndani.

"Asibaki mchu hapa chini," akasema. "Wazee, watoto, masufuria, vyote vipelekwe kilimani."

Mzee Idarus, ami yake bwana harusi na fundi mashua wa Koyama, alikuwa ameshachuchumaa penye chemchemi na pamba ya kuzibia mkononi. "Ni tundu tu, mkwe. Nimekalafati makubwa kuliko hili."

"Ukiliziba hapa, ami, maji yatatafuta pengine tusipopaona. Yaache yatoke. Tuuzuie udongo."

Idarus akaitazama pamba yake, akaitia mfukoni. "Basi tuambie tufanye nini."

Mwanatumu akamsimamisha mtu juu ya ukuta: ukimegeka popote apige ukelele, wote wakimbie. Wanaume akawapeleka ubavuni, kwenye mfereji wa mawe wa kutolea maji yanayozidi, ambao mafuriko yalikuwa yameujaza miba na magogo. Wanawake wakabeba mchanga na kokoto, wakarundika juu ya chemchemi, mchanga kwanza, kokoto juu yake, maji yapenye na udongo ubaki. Salme, dada yake Mwanatumu, akagonga kwa kijiti pembe ya vugo, ngoma ya harusi, wenzake wakapokea wimbo, na ndoo zikaenda kwa mwendo wake.

Wafaa akashuka na hina yake mikononi.

"Rudi juu, mwanangu."

"Harusi ni yangu, mama. Na shamba ni langu pia." Akatwaa ndoo.

Gogo la mwisho lilipong'oka, maji yakanguruma mferejini, yakaangukia kwenye korongo mbali na shamba. Wanaume wakashangilia kama waliovuta papa. Bwawa likashuka taratibu, na kufika alasiri yale maji ya chini yalikuwa membamba, maangavu, hata punje za mchanga zinaonekana.

Ndoa ikafungwa kilimani, watu wana matope hadi magotini. Jamali, bwana harusi, alicheka hata akashindwa kusema "nimekubali". Shehe akangoja naye akicheka.

Mwanatumu akaletewa sinia, akaketi kando ya Idarus.

"Kesho tuanze kuufukua ukuta pale, tuushindilie upya," akasema.

"Kesho," akajibu Idarus, akimsogezea pande la nyama. "Leo kula, mkwe. Umetulisha kazi mchana kutwa."

Akala, na vugo likaanza tena.