Ndimu Yangu, Majivu Yake

Mama mkwe aliomba kitu kimoja tu: alione ua lake la buluu likichanua kabla macho hayajamwishia nuru. Mmea wenyewe ulikuwa kwenye ndoo kuukuu dirishani, karibu na kitanda chake, majani yamegeuka manjano.

Muuza miche aliniambia kosa ni la maji ya bomba. Yana chokaa, ile ile inayoganda nyeupe ndani ya birika, na ua lile hupenda maji yenye uchachu kidogo. Basi kila alasiri, nikitoka kwenye cherehani yangu, nilikamua nusu ndimu katika jagi la maji, nikamwagilia taratibu. Jua lilipenya pazia la kijani, chumba kizima kikawa kama kimezama majini. Mama alisinzia, akazinduka, akauliza kama mvua imeanza. Nikimwambia bado, alitabasamu na kurudi alikotoka. Mara nyingine hata mimi nilisahau kilichonileta.

Majani yakazidi kuwa manjano. Niliumia, sifichi.

Wifi yangu, nesi, alimhudumia mama asubuhi. Tulipanga hivyo tusikutane, maana tangu tugombee kabati la mama tulikuwa tumenuniana. Lakini siku moja wasiwasi ulinipeleka mapema, nikamkuta amechuchumaa dirishani anakoroga majivu ya jikoni katika jagi langu.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Namtibu mgonjwa. Majivu ni mbolea, hata mtoto anajua."

"Mbolea! Mimi natia uchachu, wewe unauondoa!"

"Ningejuaje, na wewe ukiniona unageuza shingo?"

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini kitandani mtu akacheka.

"Nilikuwa nawaona," mama alisema. "Huyu na majivu yake, huyu na ndimu yake."

"Sasa mama, mbona ukanyamaza? Ua lako linakufa!"

"Ningesema, mmoja wenu angeacha kuja."

Wifi aliyamwaga yale majivu. Mvua iliponyesha tuliibeba ndoo pamoja hadi uani, kwa kuwa maji ya mvua hayana chokaa, na tangu siku hiyo tukawa tunakuja wote wawili.

Ua lilipochanua, mama alikuwa haoni tena.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Buluu, mama," tulijibu kwa sauti moja.

Akanyoosha mikono. Tukamsogezea ua, lakini vidole vyake vililipita, vikapapasa hewani mpaka vikaipata mikono yetu.