Koto Isiyo na Nyuzi

Theluji ilikuwa ikianguka Kanazawa tangu asubuhi. Chizuru alipiga magoti mbele ya koto yake, kinanda kirefu kama mtu aliyelala, akavisogeza vidaraja vya chini ya nyuzi hadi zikatoa sauti za Kizungu. Bwana mmoja wa ukumbi wa mji alikuwa amemwomba apige muziki wa kale wa Kijerumani, wa kanisani, theluji itakapoyeyuka. Alikubali kabla hajafikiri vizuri. Muziki huo ndio uliomtoa dada yake nyumbani.

Dada yake aliitwa Wakana. Ndiye aliyetazamiwa kurithi darasa la mama yao, Bi Tomie, mwalimu ambaye hata wazazi wa wanafunzi walimwogopa. Siku mama alipomfuma Wakana akipiga muziki huo wa Kijerumani kwenye koto ya marehemu bibi, hakugomba. Alichukua mkasi akakata nyuzi zote, mmoja baada ya mwingine, binti akitazama. Wakana akaenda zake Osaka bila kuaga, na kabla mwaka haujaisha homa ya mapafu ikamuua katika chumba cha kupanga. Tangu hapo jina lake halikutamkwa. Mama aliiwekea picha yake wali kila asubuhi, kimya, na koto ile akaisimamisha pembeni mwa chumba ndani ya kifuniko chekundu, bila uzi hata mmoja.

Chizuru alivaa vidoleni kucha za pembe za kupigia nyuzi, akaanza kupiga. Alipofika pale sauti nene inapopanda kuikuta nyembamba, alisikia sauti ya tatu. Akasimamisha mikono. Sauti ile iliendelea kidogo peke yake, kisha ikakatika, kama mtu aliyegundua kuwa anasikilizwa.

Ilitoka ndani ya kifuniko chekundu.

"Ni mbao tu," alijiambia. "Mbao huitikiana." Lakini mwili ulikuwa umemsisimka. Akarudia, taratibu zaidi, na safari hii sauti ile ikamtangulia, ikikimbia.

Mlango wa karatasi ulisogezwa. Bi Tomie alikuwa amesimama pale, mgongo umepinda, chenza lililomenywa nusu mkononi.

"Mwambie asiharakishe," alisema.

"Nani, mama?"

"Dada yako. Siku zote anakimbilia mwisho, utadhani anafukuzwa na mbwa."

Chizuru alimgeukia. "Kumbe na wewe unamsikia?"

"Humsikia hata nikifagia. Wewe ndiye umechelewa."

Kesho yake mama mwenyewe alimwita Kuzumaki, fundi wa nyuzi, naye alipokifungua kile kifuniko akacheka. "Bi Tomie! Hii si mlishaifanya kuni za kupikia chai?"

"Fumba mdomo, kaza nyuzi."

Fundi alipoondoka, mama alikaa mbele ya koto ile na kuvipanga vidaraja. Hakuuliza, wala hakujaribu mara mbili. Chizuru alipogusa uzi, zilikuwa sauti za Kizungu, sawasawa na zake.

"Umejuaje, mama?"

"Nilipozikata zilikuwa zimepangwa hivi. Unadhani nilifumba macho?" Akavaa kucha zake. "Haya, anza. Mimi nitapiga sauti nene."

Akaipiga yote. Alikuwa amejifunza kwa kusikiliza kupitia ukutani, miezi ile ambayo Wakana alidhani anapiga kwa siri. Chizuru alitamani kulia lakini vidole havikumruhusu. Walipiga hadi mwisho, na katika muda wote huo zilisikika sauti mbili tu. Mama alilaza kiganja juu ya nyuzi akatega sikio.

"Hayupo," alisema.

Hakurudi siku ile, wala siku zilizofuata. Mama alizilegeza nyuzi, akazikaza tena, mwishowe akazing'oa na kuirudisha koto ndani ya kifuniko. Sauti haikuja. Akaanza kuacha chakula sahanini.

"Nimemfukuza mara ya pili," alimwambia Chizuru, huku akitazama nje bustani ilivyofunikwa kwa weupe. "Mara ya kwanza nilikata, mara hii nimefunga. Sijui kumwacha mtoto alivyo."

Mchana mmoja mama alipokuwa amejilaza chumba cha pili, Chizuru aliketi kwenye koto yake, akaupiga ule muziki. Lakini hakuupiga kwa mtindo wake mwenyewe. Alipokaribia mwisho aliuharakisha, akaikwaruza nota moja kama Wakana alivyozoea, akakimbia, akakimbia.

"Chizuru." Sauti ya mama ilipenya karatasi ya mlango.

Akaacha kupiga. "Abee, mama."

"Usinidanganye."

Theluji iliporomoka kutoka paani kwa kishindo. Chizuru aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea nyuzi. Akaanza kuvua kucha za pembe, na ndipo mama aliposema tena, kwa sauti ndogo ambayo mwanafunzi wake yeyote asingeitambua:

"Lakini usiache."