Kipande cha Akiba

Gari la vifurushi lilifika Alhamisi saa tatu na dakika ishirini asubuhi, likaegeshwa juu ya njia ya baiskeli kama kawaida yake, na dereva akapiga kengele ya ghorofa ya pili. Aukje alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Pale Drachten, kwenye karakana ya meno bandia anakofanya kazi, walishamzoea. Akiomba nusu siku, ujue kuna mnyama njiani.

Ndani ya boksi mlikuwa na magazeti, kifuko cha unga unaotoa joto, na mfuko wa maji wenye tumbawe. Alikuwa amelinunua mtandaoni Jumapili, dakika mbili tu baada ya duka kuweka picha, kwa euro mia moja themanini na tisa. Matawi ya zambarau, ncha za kijani. Rangi hiyo alikuwa ameitafuta miaka mitatu. Chini ya picha paliandikwa kwamba unachokiona ndicho utakachopokea, kwamba limekuzwa shambani kwenye ufuo wa mbali, na kwamba vibali vyote vipo.

Aliuacha mfuko uelee nusu saa juu ya maji ya tangi lake la kioo pale sebuleni, halafu akalizoesha tumbawe maji mapya tone kwa tone. Alipolitoa aliligeuza ili aangalie kitako. Tumbawe la shambani huja limegandishwa juu ya kisahani cha saruji, bapa, kama kifungo cha koti. Hili halikuwa na kisahani. Kitako chake kilikuwa jiwe halisi la baharini, konokono wa zamani amekwama ndani yake, na upande mmoja kulikuwa na mikwaruzo minne mipana iliyonyooka. Aukje hushika patasi kila siku ya kazi. Hakuhitaji kuambiwa kwamba limebanduliwa baharini.

Sheria ya duka ilikuwa wazi: lalamiko lolote litumwe kwa picha ndani ya saa mbili tangu mzigo ufike. Alikuwa bado na dakika arobaini. Angepiga picha, wangerudisha pesa, wangelichukua tumbawe lao, na yeye angeanza upya kutafuta. Alipaka gundi, akaigeuzia mikwaruzo ukutani, akalibandika juu ya mwamba. Kisha akanawa mikono akaenda kazini.

Tumbawe lililosafiri hupauka. Hilo kila mfugaji analijua: hukaa wiki mbili tatu limenywea, halina rangi, ndipo hupata nafuu. Hili halikupauka hata kidogo. Aliyepauka ni Nynke, binti wa miaka saba wa Aukje na mumewe Douwe.

Vilianza kufutika vidoa vya jua puani. Wiki ya pili nywele zake, ambazo zilikuwa rangi ya mkate uliokolea, zikawa nyeupe kuanzia kwenye ngozi. Wiki ya tatu ulimi. Mwalimu wake aliandika barua fupi akiomba mtoto avalishwe kofia wakati wa mapumziko. Bibi yake, mama yake Douwe, alisema upande wao wote ni weupe, tena akamletea mkate wa sukari. Walimpeleka kwa daktari wa mtaa, ambaye angekuandikia parasetamoli hata kama umeingia na kichwa chako mkononi. Alimwangalia Nynke kinywani, akaandika parasetamoli, akawaambia warudi baada ya wiki mbili kama hali haijabadilika.

"Unaumwa popote?" daktari alikuwa amemwuliza.

"Siumwi," alisema Nynke. "Nimeshiba tu."

Kweli alikuwa ameshiba. Siku ambazo Aukje alililisha tumbawe unga wake kwa bomba la sindano, Nynke hakugusa viazi vyake.

Mwezi ulipotimia, Wiebren alikuja kuchukua kipande cha akiba. Wiebren ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anakaa mtaa wa tatu kutoka pale, na ndiye aliyemfundisha Aukje ufugaji. Desturi ya wafugaji wa matumbawe ni hii: ukipata la thamani, unakata tawi unampa rafiki bure. Umeme ukikatika kwako, au maji yakiharibika, kwake linaendelea kuishi, na siku yoyote anakukatia na kukurudishia. Asiyetoa kipande huitwa mchoyo, na likimfia hakuna anayemwonea huruma.

Aukje alilikata tawi moja kwa msumeno wa karakana, ule wa kukatia meno ya kauri, kwenye beseni jikoni. Kazi ya nusu dakika. Wiebren alikifunga kipande kwenye mfuko, akanywa kahawa, akala biskuti moja kama ilivyo desturi ya huko, mkebe ukafungwa, akaondoka.

Jioni ile Nynke alikuja mezani na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikiwa kifupi kwa pingili moja. Hakukuwa na damu wala kovu. Ncha ilikuwa laini, kama iliyozaliwa hivyo.

Douwe, ambaye anauza matairi na hapendi makelele wakati wa chakula, aliushika mkono wa mtoto akaugeuza geuza chini ya taa.

"Kidole kiko wapi, mwanangu?"

"Kwa mjomba Wiebren. Maji yake yana joto kuliko yetu."

"Kinauma?"

"Hapana. Ila ana samaki mmoja ananichokoa."

"Basi kesho tutamwambia amtoe huyo samaki," alisema Douwe, na akampakulia kabichi.

Aukje aliisukuma sahani yake kando. Aliogopa, na hofu ile haikumtoka tena. Kesho yake alipiga simu dukani, akaeleza yaliyompata mtoto. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole, mwenye sauti ya mtu anayekunywa chai.

"Rangi gani?"

"Zambarau. Ncha kijani."

"Ehee. Hilo la watoto tunaletewa mara kwa mara, hasa kwa haya ya zambarau. Huwa tunawashauri wateja wasikate."

"Nimeshakata."

"Pole, dada."

"Nataka kulirudisha. Halikutoka shambani. Nimeona alama za patasi."

"Ulipiga picha?"

Aukje aligeuka akatazama upande wa tangi ulio ukutani.

"Maana bila picha ya saa mbili za kwanza sina la kufanya," alisema yule mwanamke. "Karatasi zangu zinasema shambani. Kuna kingine naweza kukusaidia leo?"

Alitoka na baiskeli mvuani mpaka kwa Wiebren. Alimkuta amekunja mikono ya shati, amefurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kipande kilikuwa kimeamka vizuri kuliko chochote alichowahi kufuga, na asubuhi ile ile alikuwa amekikata vitatu. Kimoja alibaki nacho. Cha pili alikuwa amempa jirani anayerudi Groningen. Cha tatu kilikuwa njiani kwenda Ubelgiji.

"Wiebren, usikate tena. Nakuomba."

"Nisikate? Aukje, kweli? Mimi nilikufundisha nini? Lililo katika nyumba moja ni kama limekufa tayari."

"Ni Nynke."

Alimweleza. Wiebren alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Basi huyo mtoto yuko salama kuliko watoto wote wa mji huu," alisema. "Yuko nyumba nne."

Aukje aliporudi nyumbani alimkuta Nynke amekaa mbele ya tangi akijaribu kupiga mluzi. Alikuwa na mluzi mzuri sana wa kupitisha kwenye pengo la jino, ulioudhi majirani. Sasa ulitoka upepo mtupu. Hata harufu ya kahawa hakuisikia tena. Mluzi, alisema, uko Groningen. Pua iko kwenye boksi, na humo boksini ni giza, na gari linakata kona vibaya.

Tangu siku ile Aukje aliishi kwa ajili ya maji. Aliyapima asubuhi, mchana na jioni: chumvi, chokaa, joto. Alikuwa mama anayempenda mwanawe kuliko uhai wake, na sasa mapenzi yale yalikuwa na namba, na namba ilipopanda kidogo tu aliyapima maji upya kabla hata ya kukaa. Alipiga simu Groningen na Ubelgiji kuwauliza watu asiowajua kama wamebadilisha maji. Walimjibu vizuri. Wafugaji wenzake hupenda kuulizwa.

Mwezi wa kumi ilikuja dhoruba kutoka baharini, na Jumapili saa tisa mchana umeme ulikatika mtaa mzima. Pampu ilinyamaza. Kwanza hakuna kilichotokea. Baada ya dakika kumi Nynke aliweka penseli chini, akajilaza sakafuni kwa ubavu, akaanza kuvuta pumzi kwa mdomo wazi, fupi fupi.

"Jagi!" alipiga kelele Aukje. "Douwe, lete jagi!"

Tangi lisilo na pampu hutiwa hewa kwa mkono. Unachota, unainua juu, unamimina, unachota tena. Douwe alichota kwa jagi la maziwa na Aukje kwa sufuria, wakipokezana, maji ya chumvi yakiwarukia machoni. Nje matawi yalivunjika. Nynke alilala pale na midomo ya rangi ya karatasi, na kila walipomimina kifua chake kilipanda. Walipochelewa hakikupanda. Hapakuwa na muda wa kulia, ingawa Aukje alilia.

Walimimina dakika hamsini. Katikati yake Douwe, akiwa amezamisha mkono mpaka bega, aligusa kitako cha tumbawe kwa upande wa ukutani.

"Huku nyuma limechongwa chongwa," alisema. "Hili limetoka wapi?"

"Shambani," alisema Aukje. "Mimina."

Akamimina. Mtoto, pale sakafuni, alisema bila kufumbua macho kwamba haikuwa shambani. Walipiga nyundo mara saba, alisema, na wenzake waliokuwa pembeni waliona. Hakuna aliyemjibu kwa sababu jagi lilikuwa linahitajika. Umeme uliporudi, pampu ilikohoa ikaanza kazi, na Nynke akainuka akaomba kumalizia mchoro wake. Douwe alipangusa sakafu. Kuhusu zile alama hakuuliza tena siku ile wala siku nyingine, na Aukje hakumwambia mtu.

Majira ya kuchipua tumbawe lilikuwa limefika kwenye kioo. Lilikuwa zuri kiasi kwamba wageni walishusha sauti mbele yake. Lakini tawi linalogusa kioo hukwama, nyama yake huoza, na uozo hushuka mpaka kitakoni kwa siku mbili. Ama ulikate ama ulipatie nafasi. Douwe alipima sebule ili waweke tangi la mita mbili. Ofisi ya nyumba za kupanga ilijibu kwa maandishi kwamba sakafu ya ghorofa ya pili haiwezi kubeba uzito huo, na ikawatakia kila la heri. Kwenye tovuti ya duka, Jumapili moja, yaliwekwa mapya sita ya zambarau, yote ya shambani, na saa tatu usiku yalikuwa yameisha.

Jumamosi Wiebren alikuja na mfuko wake wa maji. Safari hii hakufurahi wala hakunywa kahawa. Alikaa jikoni na koti lake mwilini.

Aukje aliweka beseni mezani, na ndani yake tumbawe pamoja na mwamba wake. Alichemsha msumeno, ingawa haukuhitaji kuchemshwa. Nynke alipanda kitini, akakunja mkono wa sweta.

"Kata upande wa kushoto, mama. Wa kulia ninaandikia."

"Najua, mpenzi wangu."

"Na usikate mengi."

"Moja tu. Lile linalogusa."

Nynke alimgeukia Wiebren. Alikuwa mweupe kabisa sasa, mpaka kope, na alizungumza taratibu kama mtu anayepanga safari.

"Hiki kinaenda wapi, mjomba?"

"Zwolle. Kwa mtu mmoja mstaarabu sana. Ana tangi kubwa."

"Anazima taa saa ngapi?"

Wiebren alimtazama Aukje, kisha akatazama mfuko. "Sijui. Saa mbili, nadhani. Ni mtu wa kulala mapema."

Nynke alifikiri. "Groningen wanazima saa tano," alisema. "Basi huko nitakuwa gizani peke yangu masaa matatu."

Aukje alisema atampigia simu huyo mtu amwombe aache taa moja ikiwaka. Wiebren alisema hilo ni wazo zuri, watu wa Zwolle ni waelewa. Nynke akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akautandaza vizuri, na Aukje akaingiza msumeno majini.