Mama Yake Suyun Jikoni

Mama yake Suyun aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma Jumanne jioni, Suyun akikata kabichi na Priscille, mwosha vyombo kutoka Bukavu, akisugua sufuria ya wali. Viatu vya kitambaa vya mama huyo vilijaa udongo wa shamba. Alikuwa ametembea kutoka kijijini kwao, mkoani Gansu, akifuata reli mpaka stesheni ya Gare du Nord, Ubelgiji, kisha akaulizia mgahawa anakofanya kazi binti yake.

"Nilikufa wakati wa kupanda mahindi," alimwambia binti yake. "Nilidhani unajua."

Suyun hakujua. Kila Jumapili alikuwa akizungumza na mama yake kwa simu.

"Yule ni dada yako. Tangu utotoni ananiiga sauti. Nyumbani waliogopa utaacha kazi urudi kunizika."

Priscille hakuelewa Kichina, lakini aligeuza ndoo ikawa kiti. "Maman, ikala hapa. Umetoka mbali, donc pumuzika."

Tajiri, mwenye mgahawa, alipopita alimtazama mgeni, akampa aproni na gunia la vitunguu saumu. Marehemu haulizwi kibali cha kazi, wala hali chakula. Alimpangia zamu.

"Na Wenkai?" Suyun aliuliza.

Wenkai alikuwa mwana wa Suyun. Suyun alipokwenda kufanya kazi kiwandani mjini, shule za huko zilimkataa mtoto kwa kuwa aliandikishwa kuwa mkazi wa kijijini. Akamrudisha kwa bibi, kisha yeye mwenyewe akaja Ubelgiji. Kila alichokifanya alikifanya kwa ajili yake.

"Ndiye aliyebeba picha yangu mazishini," mama alisema. "Aliibeba vizuri."

Suyun alirudi kwenye kabichi. Alikata vipande vinene kuliko kawaida, na hakuna mteja aliyelalamika.

Jumapili simu iliita.

"Umeshakula?" sauti ya mama iliuliza.

"Nimekula."

Mama, aliyekuwa akimenya karibu yake, alisikiliza kidogo. "Amepatia," alisema.

Suyun hakumuuliza dada yake neno. Aliomba kuzungumza na mtoto.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo," Wenkai alijibu. "Amekaa hapa pembeni yangu."

Suyun alimpa nafasi ya kusema jambo jingine. Huko kijijini mtu alikohoa, kikohozi cha kizee, kilichoigwa vizuri sana.

"Basi msalimie," Suyun alisema.

Hapo jikoni, mama yake akaitikia salamu.