Alama Nne

"Ng'ombe wamelala hapa, tumejenga hapa! Sasa unataka nisikilize karatasi?"

"Baba, ng'ombe hawajui mlima!"

"Wewe ndiyo unajua? Darasa la nne umelikimbia!"

Neno hilo limemwingia Seni, maana ni kweli. Lakini mwaka mzima, huu wa sabini na sita, alikuwa anawabebea kamba wapimaji wa ardhi wa Uyole, na kazi yao ameishika. Kila mahali wana kadi yake, wanaweka tiki. Mteremko umenyooka kama umekatwa kwa panga? Chemchemi zimejipanga mstari? Kuna maji ya moto? Mto umepinda ghafla? Halafu wanalinganisha na kadi za kule ambako tetemeko lilishabomoa nyumba. Zikifanana, hapo pabaya, hata kama hapajawahi kutikisika.

Jana alijaza kadi ya boma la baba yake. Tiki nne. Hakuna alama hata moja iliyokosekana.

Mzee Masunga, baba yake, alipohamia Usangu kutoka Usukumani alifuata desturi: usiku wa kwanza waachie ng'ombe, watakapolala ndipo ujenge. Wakafuata majani mabichi, kwenye mstari wa chemchemi, chini kabisa ya mlima. Sasa hapo kuna nyumba ya matofali ya kuchoma, na ndani analala Mbuke, mke wa Seni, na mtoto wa miezi mitatu.

"Haya, bwana mpimaji. Hilo tetemeko linakuja lini?"

"Kadi haisemi lini."

"Basi rudi ukaiulize vizuri!" Mzee akacheka.

Ardhi ikanguruma, kama lori linapita chini ya miguu yao. Sufuria zikagongana. Mtoto akalia ndani. Halafu ardhi ikatulia. Ukuta wa chumba cha Mbuke umepasuka juu mpaka chini, ufa wa kuingiza mkono.

Mzee alichota mavi ya ng'ombe, akaanza kuziba.

"Umeona? Imetikiswa, imesimama. Nyumba dume hii."

Mbuke alitoka, vumbi kichwani, mtoto mgongoni. Tangu aolewe hajawahi kumjibu mkwe wake neno.

"Mkamwana, ingia ndani. Nimeshaziba."

Mbuke akapiga magoti, macho chini.

"Baba, nakuheshimu. Humo siingii tena."

Akainuka, akakaza kanga ya mtoto, akageuka na kushika njia ya mbugani, mbali na mlima. Hakumngoja hata Seni.